Bakuli la Marlys Tveit na Somo Dogo la Marekani

Chuo cha mji wa Tollefsrud kilikuwa na somo moja ambalo hakuna aliyelihitaji na hakuna aliyekuwa na moyo wa kulifuta. Liliitwa Taaluma za Marekani. Halikuwa somo kuu, lile la kumpa mtu shahada. Lilikuwa somo dogo, la kupachikwa kando ya shahada kama kachumbari kando ya sahani. Mwanafunzi alichota madarasa mawili ya historia, moja la fasihi, moja la dini, moja la muziki au sinema, kisha akaandika kazi moja ya utafiti, na chuo kikamwongezea mstari mmoja kwenye cheti. Somo lenyewe halikuwa na idara wala karani wala hata mlango wenye jina lake. Idara tano zilililea kama mtoto wa jirani: akicheka ni wetu, akilia mrudisheni kwao.

Kwao kulikuwa ofisini kwa Profesa Prescott Lathrop. Huyu alikuwa mtu wa Connecticut, kule mashariki kwa wenye nazo, mwana wa wakili, aliyehamia Minnesota miaka sita nyuma, na tangu siku hiyo akavaa mashati ya miraba ya wakata magogo ingawa hajapata kukata hata kuni za kuotea moto. Aliwapenda watu wa kawaida. Alisema hivyo mara nyingi, mbele yao, nao wakiangalia viatu vyao. Mwaka huo mkuu wa kitivo alikuwa amemwandikia kwamba somo lenye wanafunzi wanne haliwezi kuendelea kula umeme wa chuo, na lisipoonyesha matunda kabla ya Juni litafutwa. Lathrop alihitaji tunda, na alilihitaji upesi.

Mmoja wa hao wanne alikuwa Renae Tveit, mpishi wa bwalo la chuo, mwanamke wa miaka hamsini na minne. Watatu wengine walikuwa vijana waliolichagua somo kwa sababu lilikuwa na sinema. Renae alilichagua kwa sababu wafanyakazi wa chuo husoma bure, na kwa sababu bwalo lilikuwa linakabidhiwa kwa kampuni ya nje ambayo ingekuja na wapishi wake. Ikifika Juni asingekuwa na kazi. Wilaya nayo ilikuwa inatafuta mtunza makumbusho, yale yaliyowekwa ndani ya kiwanda cha zamani cha bata mzinga, na tangazo lilitaka mtu mwenye shahada, ambayo Renae alikuwa anaimaliza mwaka huo, pamoja na mafunzo rasmi ya historia au utamaduni wa Marekani. Renae alikuwa amefanya kazi kiwandani humo majira matano ya joto. Ncha ya kidole chake cha kati ilibaki mle ndani, kwenye mashine ya kukatia shingo ambayo sasa imepakwa rangi na kuzungushiwa kamba watoto wasiiguse. Lakini kwa macho ya wilaya hakuwa na haki ya kumweleza mgeni habari za mashine ile mpaka mtu wa Connecticut atie sahihi kwamba anaijua.

Na mtu huyo huyo wa Connecticut alikuwa mjumbe wa bodi ya makumbusho. Kwa hiyo Renae alimwitikia ndiyo Profesa, sawa Profesa, kwa sauti ile ile aliyotumia kwa daktari wa meno.

Kazi ya mwisho mwaka ule ilihusu chakula. Lathrop alikuwa amesikia kwamba kila Jumapili ya Kwaresima, baada ya ibada, Walutheri wa Tollefsrud hushuka ukumbi wa chini ya kanisa kula mlo wa pamoja, na akamwomba Renae awapeleke darasa zima wakaone. "Tutakaa kimya," aliahidi. "Tutakuwa kama hatupo." Akaja na kamera, daftari mbili, na vijana watatu waliokuwa na njaa ya kweli.

Mlo wenyewe hauna siri. Kila nyumba huja na bakuli lake la oveni, na chini ya bakuli kuna kipande cha utepe chenye jina, ili lijue njia ya kurudi kwao. Ndani ya bakuli kuna mseto: nyama ya kusaga, maharage mabichi ya kopo, supu nzito ya uyoga ya kopo, na juu yake vijiviazi vya kukaanga vimepangwa kwa mistari. Mabakuli yako ishirini, yote ya rangi ya udongo, na hakuna mwanamke wa Tollefsrud asiyeweza kukuambia, akiwa upande wa pili wa ukumbi, lipi ni la nani.

Renae alikuwa akimimina kahawa alipomwona Lathrop amesimama mbele ya bakuli la mama yake. Alichelewa. Profesa alikwisha kuchota mara moja, akachota mara ya pili, akaijaza sahani ikawa mlima.

Ukumbi ulinyamaza, kidogo kidogo, kuanzia meza ya karibu.

Mambo ni hivi, na kila mtu pale aliyajua. Mwaka 1978, majira ya baridi, wafanyakazi wa kiwanda cha bata mzinga waligoma wiki tisa. Katikati ya mgomo watu kumi na mmoja walipita getini wakaingia kazini. Kumi baadaye walihama mji. Marlys Tveit, mama yake Renae, alibaki. Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyemvunjia dirisha. Walimsalimia dukani, wakaketi naye benchi moja kanisani, na mumewe Orville alipokufa wakamzika kwa nyimbo zote nne alizozipenda. Ila chakula chake hawakukila. Bakuli lilikwenda limejaa likarudi limejaa, miaka arobaini na sita, na familia ililila wiki nzima mpaka Renae akiwa mtoto akadhani kila nyumba hula hivyo. Huo ndio ugomvi wa watu wa Tollefsrud. Wao wenyewe hukuambia kwamba kwao hakuna ugomvi.

"Hiki ndicho chakula chenyewe," alisema Lathrop, mdomo umejaa. "Nani kapika hiki?"

Ardis Kvale aliweka uma wake mezani. Ardis alikuwa na miaka themanini na mitano, na katika mgomo ule ndiye aliyewapanga wanawake getini kwa zamu, usiku na mchana, theluji hadi magotini. Mikono ilikuwa imemkunjamana lakini shingo bado ilisimama.

"Haya," alisema Ardis. "Hiyo nayo ni namna yake."

Kwa watu wa pale hayo ni matusi makubwa. Lathrop alidhani amesifiwa. "Bibi, wewe hujaonja?"

"Nimeshiba."

"Mbona sahani yako haina kitu?"

"Nimeshiba tangu zamani, mwanangu."

Vijana watatu, kwa kufuata mwalimu wao, nao walikwenda kuchota bakuli lile lile. Renae alitamani sakafu ipasuke. Ndipo akamtazama mama yake, aliyekuwa peke yake mwisho wa meza katika koti lake la bluu, na alichokiona kilimuumiza kuliko ukimya wote ule. Marlys alikuwa anawatazama wageni wakila, na uso wake ulikuwa umefunguka. "Ongezeni," aliwaambia. "Kipo."

Kesho yake Lathrop alimwita Renae ofisini. Alikuwa hakulala vizuri, kwa furaha.

"Renae, kwa nini hukuniambia? Kijana mmoja kamuuliza mchungaji, mchungaji kamwambia yote. Bakuli lisiloguswa! Unaelewa una nini mkononi? Kuna historia humo, kuna dini, kuna kazi, kuna jinsia, kuna chakula. Idara tano ndani ya chombo kimoja. Hili somo ndilo hili."

"Hiyo si mada, Profesa. Huyo ni mama yangu."

"Ndiyo uzuri wake!" Akavuta kiti karibu. "Mhoji. Arekodiwe. Kwa nini alipita? Hakuna anayejua kwa nini. Ukileta sababu, kwa sauti yake mwenyewe, tunaiweka maktaba, unaiwasilisha Siku ya Utafiti mbele ya mkuu wa kitivo na mji mzima, na mimi naandika barua kwa bodi ya makumbusho jioni hiyo hiyo."

"Na nisipoileta?"

Lathrop alionekana kusikitika kweli. Alikuwa hodari wa kusikitika. "Nitafanyaje, Renae? Kazi bila ushahidi wa msingi haijakamilika. Haitakuwa haki kwa wenzako."

Wenzake walikuwa wameandika, mmoja juu ya mikate ya nyama kwenye sinema, na wawili juu ya mikate hiyo hiyo.

Alimpa fomu ya ridhaa ya kutiwa sahihi na mhojiwa. Ilikuwa na kurasa nne. Ilisema kwamba mshiriki anaweza kupata usumbufu mdogo wa kihisia, na akiupata apige simu namba fulani, Jumatatu hadi Alhamisi. Renae aliisoma akiwa kwenye gari, mbele ya nyumba ya mama yake, akacheka mpaka kioo kikaingia ukungu. Mama yake alikuwa amepata usumbufu mdogo kwa karibu nusu karne, na simu yenyewe haipokelewi Ijumaa.

Marlys alikuwa anamenya viazi. Alitazama kile kinasa sauti kidogo alichowekewa karibu na maganda, akauliza kama kinauma.

"Mama, unaweza kukataa."

"Hii inakupa kazi?"

"Inaweza kunipa."

"Lete kalamu." Akatia sahihi kurasa zote nne bila kusoma hata mstari, kisha akarudi kwenye viazi. "Uliza."

Renae alikuwa ameandaa maswali kumi na mawili. Aliuliza moja tu. "Kwa nini ulipita getini?"

Kisu kiliendelea kutembea. "Ulikuwa na miaka minane. Kumbuka ulilazwa hospitali ya mjini, ukafanyiwa upasuaji wa moyo."

"Hiyo ilikuwa mwaka kabla ya mgomo. Uliniambia mwenyewe."

"Niliongopa." Marlys alitupa kiazi kwenye maji. "Ilikuwa wiki ya tano ya mgomo. Bima ilikuwa ya kiwanda. Tulipogoma wakaikata, na hospitali ikasema bila bima wasubiri. Daktari akasema moyo hausubiri. Mwenye kiwanda akatangaza, atakayerudi kazini bima yake inarudi siku ile ile. Nikaenda Jumatatu. Jumatano wakakupasua."

"Na baba?"

"Baba yako alikuwa getini. Nilipita mbele yake. Alikuwa amebeba lile bango lake." Kisu kikasimama, kikaendelea. "Hakuniita jina baya. Aligeuka akatazama barabara."

Picha ya Orville Tveit na bango lake ilikuwa makumbusho, ukutani, ukiingia tu. Renae alikuwa ameitazama maisha yake yote kwa fahari. Alikuwa amesoma miaka minane, darasa baada ya darasa, historia ya wafanyakazi, historia ya wanawake, amejifunza kutilia shaka kila tarehe ya kila mtu, na hakuwahi hata siku moja kuuliza tarehe ya kovu lililo kifuani kwake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie ili iweje? Ulikuwa mtoto. Mtoto akijua ameuziwa uhai kwa bei kama hiyo, anakwenda anajipima kila siku kama ametosha." Akafuta mikono. "Chombo chako bado kinasikia?"

Kilisikia dakika kumi na tisa. Renae alikisikiliza siku tatu, akipika, akiosha, akisubiri taa za barabarani. Kila aliposikiliza alimwona Lathrop jukwaani katika shati la miraba, akibonyeza kitufe ili mji mzima usikie, kisha akiinua kidole kueleza maana. Aliona watu wa Tollefsrud wakigeuka kumtazama mama yake kwa huruma, na huruma ya watu wale aliijua: ni baridi zaidi ya chuki yao. Siri hiyo mama aliibeba kifuani miaka yote bila kumwambia mtu. Binti gani angeitoa ukumbini kwa ajili ya mstari mmoja kwenye cheti? Asubuhi ya Siku ya Utafiti aliifuta sauti yote, kisha akaenda ofisini kwa Lathrop kumwambia.

"Umeifuta?" Lathrop alikaa chini. "Renae. Hilo lilikuwa shina la kazi yako."

"Lilikuwa la mama yangu."

"Uko karibu mno na mada. Nilihofia hilo." Akavua miwani, akaipangusa kwa shati. "Sasa nitakuandikia haijakamilika. Huna hata mstari wa ushahidi. Alama zinafungwa Ijumaa ijayo, sioni njia. Na barua ya bodi, unaelewa, siwezi kuandika juu ya mtu ambaye hajamaliza."

"Ninaelewa, Profesa."

Alitoka pale akiwa hana somo wala kazi, na kichwa kimesimama. Naam, alijisikia vizuri. Tusimnyime. Alishuka ngazi za jengo lile akijiona mwanamke wa maana kuliko alivyopanda, na jikoni alikata vitunguu vya watu mia tatu bila chozi.

Saa sita mchana alivua aproni akaenda ukumbini, kwa kuwa alitaka kumwona mtu huyo akiwa mikono mitupu. Ukumbi ulikuwa umejaa. Watu wa mji huja Siku ya Utafiti kwa sababu kahawa ni ya bure na vikeki vya limau havina kiasi. Ardis Kvale alikuwa mstari wa mbele na fimbo yake. Marlys hakuja, alisema magoti.

Lakini debe tupu haliachi kuvuma. Lathrop alipanda jukwaani, akazima taa, na ukutani likatokea bakuli. Alikuwa amelipiga picha ile Jumapili, karibu sana, mpaka kila kijikiazi kilikuwa na ukubwa wa mto wa kulalia, na utepe wenye jina alikuwa ameuziba kwa weusi, akiamini kwamba hivyo amemficha mtu. Watu mia mbili walilitambua kabla hajafungua mdomo.

Akazungumza dakika arobaini. Alisema bakuli lile linakataliwa kwa sababu kuvunjwa kwa mgomo, katika fikra za Kilutheri, ni unajisi wa meza. Alisema supu ya kopo ni kiwanda kilichoingia ndani ya nyumba, na kwa hiyo kuikataa ni kukikataa kiwanda. Kwamba mabakuli yote ishirini yalikuwa na supu hiyo hiyo, ya kopo lile lile, hilo halikumsumbua. Mkuu wa kitivo aliandika kitu kwenye daftari lake na kuitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Tusichokijua," alimaliza Lathrop, akimtazama Renae kwa uchungu wa wazi, "na ambacho kwa bahati mbaya kimepotea leo asubuhi, ni sababu. Kwa nini mwanamke huyu alipita getini? Hilo yeye peke yake analijua."

Ardis Kvale alisimama. Ilimchukua muda, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

"Nani kakuambia hatujui?"

Lathrop aliinama mbele. "Samahani, bibi?"

"Mtoto wake alikuwa hospitali. Moyo. Wakakata bima, akaingia kazini, mtoto akapasuliwa. Mji wote ulijua wiki ile ile. Muuguzi alikuwa dada yangu." Akageuka na fimbo yake, akamtafuta Renae mpaka akampata. "Wewe ndiye uliyekuwa hujui. Tulikubaliana, hapo hapo getini, hakuna wa kumwambia yule mtoto. Walevi walikuwemo, wambea walikuwemo. Umewahi kuambiwa na mtu?"

Renae alitikisa kichwa.

"Basi."

"Mlijua," Renae alisema. "Mlijua sababu, na bado mmemwacha arudi na bakuli limejaa miaka arobaini na sita?"

"Ndiyo," alisema Ardis. "Mume wangu Wendell alikuwa na sukari. Bima yake ilikuwa ile ile. Mimi sikuingia, naye alikatwa mguu. Kila mmoja pale alikuwa na mgonjwa wake, binti Tveit. Mama yako alichagua wake. Sikumlaumu. Chakula chake tu sikukiweza."

Akaketi. Mtu alikohoa. Na Profesa Lathrop, ambaye alikuwa amekosea kila neno kwa dakika arobaini, aliteremka jukwaani uso unang'aa, akapiga goti mbele ya kiti cha Ardis na kurasa nne za fomu ya ridhaa.

"Bibi Kvale, ungekubali kurudia hayo kwenye kinasa sauti? Kwa ajili ya maktaba?"

Ardis aliuliza kama kuna kikeki kingine. Akatia sahihi.

Renae aliendesha gari hadi kwa mama yake bila kujua amepita njia ipi. Alijiona mjinga wa kiwango cha chuo kikuu. Alikuwa amefuta sauti ya mama yake ili kuficha jambo kwa watu ambao walilijua kabla yeye hajaondolewa nyuzi. Kilichopona ni maneno ya Ardis, yatakayokaa maktaba na namba yake na sanduku lake, na mtafiti wa mwaka 2090 atakapotaka kujua Marlys Tveit alikuwa nani, atajibiwa na mwanamke aliyekataa kula chakula chake. Alimkuta Marlys ameketi jikoni na gazeti, akamweleza yote, akiwa amesimama, hajavua hata koti.

Marlys alisikiliza mpaka mwisho. Habari kwamba mji ulijua haikumshtua. "Nilijua kwamba wanajua," alisema. "Ulidhani katika mji huu mtu anaficha upasuaji? Hilo niache nalo. Niambie hili la kufuta."

"Nilitaka kukulinda, Mama."

"Nilikuomba?"

"Hapana, lakini..."

"Nilikutilia sahihi kurasa nne." Marlys alikunja gazeti mara mbili. Renae hakuwahi kumsikia akipaza sauti, na hata sasa hakuipaza. "Nilikueleza jambo ambalo sijamweleza hata baba yako, tukiwa wawili, kwa maneno. Nimekupa ili upate kazi. Nawe umechukua umemwaga, ukaenda ukumbini ukakaa na heshima yako. Una miaka hamsini na minne, Juni huna mshahara, na bima yako nayo ni ya nani?"

"Ya chuo."

"Ya chuo. Na moyo huo wa kushonwa unapimwa kila baada ya miezi sita kwa fedha ipi, kwa nyimbo za kanisani?" Alimtazama binti yake kwa dharau iliyokomaa, dharau ambayo hakuwahi kuitumia kwa Ardis wala kwa mji. "Umefanana na baba yako. Naye alikuwa na heshima. Alisimama nayo getini wiki tisa, wakampiga picha, iko ukutani. Mtu mwingine ndiye aliyeingia ndani."

Renae aliketi. Lilikuwa kweli, na dharau yake yote, aliyokuwa ameilimbikiza kwa Lathrop na mashati yake na fomu zake, ilikuwa imemrudia mwenyewe ikamkalia.

"Yule mtu ni mpumbavu, Mama."

"Mwenye kiwanda naye alikuwa mpumbavu. Nilimwambia asante." Marlys alinyoosha mkono akavuta simu kutoka ukutani, ile ya zamani yenye waya, akaiweka mezani kati yao. "Ijumaa ijayo ndiyo mwisho? Mpigie. Mwambie nitasema tena, aje hapa hapa, mimi sipandi ngazi zake. Siku ya kwanza ndiyo ngumu. Ya pili miguu inajua njia."

Renae alipiga. Lathrop alipokea haraka, kama aliyekuwa amekaa juu ya simu, na kabla hajaulizwa akaanza kueleza jinsi jambo la leo lilivyothibitisha hoja yake, na jinsi mtafiti anavyopaswa kujifunza umbali, na jinsi yeye binafsi hana kinyongo. Renae alimwacha aseme. Mama yake alikuwa anamtazama mdomo, kama mtu anayehesabu hatua za mtoto. Renae alisema ndiyo, Profesa, mama atasema tena. Alisema samahani, Profesa. Akasema ndiyo tena, na tena, na la mwisho likatoka bila taabu yoyote.